Mbegu tunaihakiki kwa simu, ng'ombe je? Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka Kuresoi, Kaunti ya Nakuru. Nakuandikia kuhusu karatasi moja tu: kibali cha kusafirisha mifugo.

Mwezi wa tatu nilinunua mtamba kwa dalali, shilingi 95,000. Alikuja na kibali chake, mhuri na sahihi vyote vipo, na ngozi inang'aa. Siku ya nne akaanza kudondosha mate marefu kama uzi, akawa anainua mguu huu, anashusha, anainua ule. Tulipomfungua kinywa, ulimi ulikuwa umechubuka. Ugonjwa wa miguu na midomo. Virusi hivi hukaa mwilini siku 2 hadi 14 kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo pale sokoni macho yangu yasingenisaidia kitu.

Ng'ombe wangu watatu wakaambukizwa. Yule wa lita 14 akashuka hadi 3. Ndama aliyekuwa akinyonya alianguka asubuhi moja na hakuinuka tena. Daktari alisema kwa ndama ugonjwa huu hupiga moyo.

Nilimwonyesha daktari kile kibali. Akakiinua kwenye mwanga, akacheka kwa uchovu. Tarehe ilikuwa imekwanguliwa na kuandikwa upya. Dalali naye, ukimpigia, mteja hapatikani.

Najua nitaulizwa kuhusu chanjo. Nilichanja mwaka jana, mara moja, na kosa hilo ni langu, kwani hurudiwa kila miezi sita. Lakini hapa Kenya tuna aina nne za virusi hivi, O, A, SAT 1 na SAT 2, na kinga ya aina moja haizuii nyingine. Mfugaji anayechanja bado anahitaji kujua ng'ombe anayeingia bomani ametoka wapi.

Sasa nisikilize. Nikinunua pakiti ya mbegu ya mahindi ya kilo 2, nakwangua stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, natuma namba kwenda 1393, najibiwa kama mbegu ni halali. Natumia simu ndogo ya mulika mwizi, wala sihitaji intaneti. Mbegu ya mia chache naihakiki nikiwa bado dukani. Ng'ombe wa karibu laki moja nauziwa kwa imani.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, ipo tangu zamani, na karantini hutangazwa. Ila soko likifungwa, ng'ombe hawaachi kuuzwa. Huuzwa usiku, na karatasi ile ile husafiri na mifugo tofauti mara tatu, mara nne.

Ombi langu: kila kibali kipewe namba yake. Mnunuzi aitume kwa ujumbe mfupi, ajibiwe mifugo imetoka wapi, ni wangapi, wa rangi gani, na kibali kinaisha lini. Kikishatumika, namba ife.

Kile cha kwangu nimekihifadhi kwenye mfuko wa nailoni. Mkikihitaji huko ofisini kwenu Kabete, nitakileta mwenyewe.

Wako,
Mfugaji wa Kuresoi