Barua kwa binamu anayetaka kuwa Fat Joe

Binamu,

Shangazi ameniambia umeacha kurekodi, sasa unasimamia wasanii. Alisema kwa ile sauti yake ya mtu asiyejua ashukuru au aanze kufunga. Nilipokupigia, ukanijibu kwa jina moja tu: Fat Joe, yule rapa wa Marekani. Kwamba kama yeye alitoka mtaani, akarap, akawa bosi wa wenzake, wewe unashindwa nini? Basi kwa kuwa umemtaja mwenyewe, na kwa kuwa najua si wewe peke yako mwenye hadithi hiyo kichwani, nakujibu hadharani. Usinune. Binamu ni wa kutaniwa.

Tumchukue huyo Joe wako kama alivyo. Joseph Cartagena alizaliwa 1970, akakulia Forest Houses, majengo ya serikali ya wapangaji wa kipato cha chini kule South Bronx, New York. Damu yake ni ya Puerto Rico na Cuba. Bronx ya utoto wake ilikuwa inaungua, na hapo sisemi kwa mafumbo. Miaka ya 1970 majengo yaliteketea mtaa baada ya mtaa, na baadhi ya wenye nyumba waliwalipa watu wachome ili wao wakachukue bima. Moshi haujatulia vizuri, ikaingia krak, kokeini ya kuvuta. Joe aliiuza, na hajawahi kulificha hilo.

Wewe ukisimulia, unafika hapo unaruka moja kwa moja hadi kwenye cheni na magari. Katikati kuna kitu. Palepale Forest Houses walikuwepo vijana waliokuwa tayari wanafanya muziki kwa bidii, Diamond D, Lord Finesse na Showbiz, watu wa kundi la D.I.T.C. Ndio waliomshika mkono. Mwaka 1993 akatoa albamu yake ya kwanza, na wimbo wa "Flow Joe" ukakamata namba 1 kwenye chati ya rap ya jarida la Billboard. Kwa hiyo hakutoka mtaani peke yake kwa ubabe wake. Alitolewa na majirani waliokuwa na kazi mkononi.

Mwaka 1995 ndipo akakutana na Christopher Rios, Mpuerto Rico mwenzake wa Bronx, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Big Pun. Mwaka huohuo akamweka kwenye albamu yake mwenyewe. Mwaka 1998 Pun akatoa Capital Punishment, ikapata platinamu, yaani nakala milioni 1 Marekani. Hakuna rapa Mlatino anayerap peke yake, bila kundi, aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Msikilize anavyopumua. Silabi zinagongana mfululizo, unasubiri avute hewa, havuti.

Hapa namvulia Joe kofia bila kusita. Alikuwa na jina, alikuwa bado anataka hit zake mwenyewe, na akajua kabisa kwamba huyu jamaa anarap kumzidi. Akamtanguliza. Sasa jiulize wewe, na ujibu ukiwa peke yako. Huyo dogo uliyemchukua akikuzidi mbele ya watu wa maskani yako, watu waliokuwa wanakuita wewe nambari moja, utampa maiki au utaanza kumtafutia makosa? Nimeona wasanii wastaafu wengi wakijiita mameneja, na mradi wao mkubwa ni kuhakikisha hakuna anayewapita.

Halafu kuna mwili wa Pun, ambao mashabiki huutaja kwa vicheko. Alikuwa mgonjwa wa uzito. Wenzake walimsihi aende kutibiwa, na 1999 akaenda kwenye programu ya kupunguza uzito ya Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina. Akapunguza kilo zaidi ya 30, kisha akaondoka kabla ya kumaliza, kilo zikarudi na nyingine juu yake. Mwanzoni mwa Februari 2000 alitarajiwa kupanda jukwaa la televisheni New York pamoja na Joe na Jennifer Lopez, akashindwa kwa sababu ya hali yake. Tarehe 7 moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 28 na kilo zaidi ya 300. Albamu ya pili ilitoka Aprili, yeye yuko kaburini.

Sikusimulii haya ili nimhukumu mtu. Nataka ujue kazi uliyoiomba. Msanii akiumwa, shoo inavunjika na advansi inarudishwa, kwa hiyo mfuko wa meneja unataka apande jukwaani leo, hata kama urafiki unataka alale. Ukiwa rafiki yake, meneja wake, mwenye lebo yake, yaani kampuni inayotoa muziki wake, na bado unarap kwenye wimbo wake, ni nani chumbani humo atakayesema "leo haendi" bila kupata hasara?

Hilo ndilo jambo langu, binamu. Mengine yote ni maelezo.

Joe alikuwa rapa wa Terror Squad, kundi lake na Pun, na pia bosi wa lebo ya Terror Squad. Pun akiwa hai, kundi lilishikwa na mapenzi. Alipokufa, nyufa zikaonekana. Cuban Link, mtu wa tangu mwanzo, alikosana na Joe, na albamu yake 24K haikutoka kamwe rasmi kupitia kampuni ya rekodi ya Atlantic. Watu waliijua kwa nakala za wizi. Remy Ma, rapa binti wa Castle Hill, Bronx, ambaye Pun ndiye aliyemwona na kumlea kimuziki, alikuwa kwenye "Lean Back" iliyokaa namba 1 Marekani mwaka 2004. Wimbo ule, kwenye sherehe hakuna aliyebaki amekaa, na hata wasiojua kucheza waliegemea nyuma wakaitwa mabingwa. Mwaka 2006 albamu ya Remy ikatoka, akalalamika waziwazi kwamba haikusukumwa ipasavyo, akaondoka. Nani alikuwa na haki sijui mimi wala wewe. Ila ona walalamikaji walipokuwa wanapeleka malalamiko yao: kwa mtu yuleyule wanayemlalamikia. Mtaani hakuna ofisi nyingine. Kuna kaka mkubwa tu.

Sasa tuje kwenye ule "mkataba" wako ulionitumia kwa WhatsApp. Karatasi moja ya kaunta buku, imechanwa upande, sahihi mbili na alama ya kikombe cha chai. Asilimia 50 kwako, "gharama zote juu ya msanii", na mwisho wa mkataba hauna tarehe. Nimefanya uhasibu miaka mingi, karatasi mbaya nimeziona, lakini hii niliiongeza mwanga wa simu nikidhani sijasoma vizuri.

Tupige hesabu. Dogo amepata shoo ya laki 8. Wewe unachukua laki 4 kabla ya chochote. Kwenye laki 4 zake analipa usafiri, dansa wawili, DJ na nguo, tuseme laki 2 na nusu. Anabaki na laki 1 na nusu, na koo ni lake. Huko Marekani unakokuiga, meneja kwa kawaida huchukua asilimia 15 hadi 20, mkataba una miaka, na masta ya wimbo, yaani rekodi yenyewe, ni jambo moja, haki ya aliyetunga ni jambo jingine. Wewe umeandika "nyimbo zote ni za menejimenti". Nyimbo zipi? Rekodi au utunzi? Usiku ule mmoja alioimba kwenye harusi ya jirani nao ni wa menejimenti?

Na usiniambie mnaaminiana. Joe na watu wake waliaminiana kuliko nyinyi.

Kuna la kodi pia, na hili nalisema kama mtu wa fani. Desemba 2012 Fat Joe alikiri kosa mahakamani New Jersey la kutowasilisha ritani za kodi, yaani fomu za mapato ya mwaka, za 2007 na 2008, miaka aliyoingiza zaidi ya dola milioni 1. Mwaka 2013 akahukumiwa miezi minne jela. Mtu aliyepita Bronx ile akiuza krak, anakwenda kufungwa miaka yote hiyo baadaye, ana watoto na jina kubwa, kwa sababu ya fomu. Unaweza kumlipa mtu akufanyie hesabu, lakini hakimu atamwita mwenye jina. Wewe TIN, namba ya mlipakodi, huna, dogo hajasajiliwa BASATA, baraza la sanaa, nyimbo hazijafika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na risiti zako ziko kwenye mfuko wa jinzi ambayo Shangazi ameshaifua.

Kwa haki, nimalizie ya Joe. Remy alifungwa 2008, akatoka 2014, na baadaye wakapatana. "All the Way Up" ya 2016 ikawarudisha kileleni, na 2017 wakatoa albamu ya pamoja, majina yao mawili yamekaa sawa kwenye jalada. Safari hiyo aliyerudi hakuwa tena binti wa kundi la mtu. Mimi naona ndiyo maana ilikwenda vizuri, na wewe ukiona vingine nipigie tubishane.

Kwa sasa usimsainishe mtu mwingine yeyote. Chagua kiti kimoja: umeneja au lebo. Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nane mchana, tutaandika mkataba upya, wa mwaka mmoja, asilimia 20 baada ya gharama. Njoo na dogo. Na yeye aje na mtu mmoja anayemwamini, ambaye si wewe.

Binamu yako