Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Tulikataa Seva za Baharini

Ndugu wanachama,

Hesabu zilizokaguliwa mnazo mkononi, na Mhazini atazieleza mwenyewe. Mafunzo ya wanachama wapya yamefanyika kama ilivyopangwa. Muda wangu naomba niutumie kwa jambo lililoigawa Kamati Tendaji karibu mwaka mzima: pendekezo la kuhamishia nakala rudufu za data za wateja wetu kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhi data, zilizo katika "taifa huru" la baharini ambalo hakuna serikali inayolitambua. Wapo kati yenu waliolipenda, na nawaelewa. Tuliahidiwa kwamba huko hakuna kodi, wala amri ya mahakama, wala askari wa kuja kubeba mashine. Kamati imekataa, nanyi mna haki ya kujua sababu.

Jambo hili limeshajaribiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walisimamisha ngome ya Roughs Tower, jukwaa la chuma juu ya minara miwili ya zege, kama kilomita 12 kutoka pwani ya Suffolk. Mwaka 1967 Roy Bates aliyekuwa ameikalia aliitangaza kuwa nchi, Sealand. Mwaka uliofuata mahakama ya Uingereza ilisema haina mamlaka huko, kwa kuwa ngome ilikuwa nje ya maili tatu za bahari ya nchi hiyo. Wauzaji wa wazo hili hupenda kuitaja hukumu hiyo, kisha wanaishia hapo. Mwaka 1987 Uingereza ilisogeza mpaka wake hadi maili 12, na ngome ikawa ndani. Nao Mkataba wa Sheria ya Bahari wa Umoja wa Mataifa, wa 1982, unasema wazi kwamba kisiwa cha kujengwa na watu hakina hadhi ya kisiwa wala bahari yake.

Mwaka 2000 kampuni ya HavenCo ilianza kukodisha seva humo. Wateja wake wakubwa walikuwa kasino za mtandaoni. Mkonga wa mawasiliano uliotarajiwa haukufika, ikabidi intaneti ije kwa mawimbi ya redio kutoka pwani ya Uingereza, nchi ileile waliyodai kuikwepa. Juni 2006 moto uliunguza sehemu ya jenereta, na mtu aliyekuwa zamu akaokolewa kwa helikopta ya Jeshi la Anga la Uingereza. Kufikia mwisho wa 2008 HavenCo ilikuwa imezimika.

Kwangu mimi, lililomaliza ubishi ni la mwaka 2002. Ryan Lackey, mmoja wa waanzilishi wa HavenCo, alitofautiana na familia ya Bates akaondoka, na biashara ikabaki mikononi mwa familia. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa serikali, ndiye mahakama. Angeshtaki wapi?

Mkataba tulioletewa ulikuwa hivyohivyo. Kifungu cha migogoro kilikuwa mstari mmoja tu, kwamba mamlaka ya taifa hilo ndiyo itakayoamua. Mamlaka yenyewe ni huyohuyo anayetudai ada. Ankara, hata hivyo, ilitutaka tulipe kupitia benki ya Ulaya, ambayo mahakama ya huko inaweza kuiamuru ifunge akaunti wakati wowote.

Sasa fikirieni mwenzetu anayetunza mafaili ya zahanati. Yakipotea au yakivuja, mgonjwa atamshtaki yeye, hapahapa Tanzania. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeweka masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, na Tume inayoisimamia sheria hiyo itamuuliza: taarifa zinalindwa na sheria ya nchi gani? Hatakuwa na nchi ya kutaja.

Badala yake, kamati inapendekeza nakala ya kwanza ibaki nchini, na ya pili iwekwe katika nchi yenye sheria ya data na mahakama ambayo wakili wetu anaweza kuifikia. Gharama itapanda, sitawaficha. Rasimu ya mkataba iko mwisho wa makabrasha yenu. Tutaipigia kura baada ya taarifa ya Mhazini.