Riwaya isomwe kabla ya mwongozo

Ndugu Mhariri,

Wanafunzi wengi wa kidato cha tatu na cha nne hutaja dhamira za riwaya ya Takadini kwa mpangilio uleule wa vijitabu vya miongozo, lakini ukiwauliza Sekai alihofia nini hata akatoroka na mtoto wake mwenye ualbino, hukaa kimya.

Nashauri mwalimu aanze kwa kuwasomea sura ya kwanza kwa sauti, asite pale mambo yanapogeuka, awaache wabashiri kitakachofuata, kisha wamwonyeshe maneno yaliyowapa dokezo. Fani na maudhui, vinavyopendwa mno na watunga mitihani, vingoje riwaya imalizike. Utaratibu huu hauhitaji kila mwanafunzi awe na nakala yake.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro