Sanamu ya Mtakatifu Yosefu iko chini ya udongo: tuwaambie nini wanaouza nyumba?

Padre mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi ni makatekista wawili. Tunaandika kuhusu waamini wanaofukia sanamu ya Mtakatifu Yosefu uani ili nyumba yao ipate mnunuzi. Wanaotujia ni watu wanaosali kweli, na nyumba zao zimekaa sokoni miezi mingi. Wachache huuliza kabla hawajachimba, na kwa hao hatuna shida: tunawaambia wasichimbe, na sababu tunawapa. Wengi hutujia wakiwa wameshafukia. Hapo ndipo mimi na mwenzangu tunapoachana njia, na tumeona si vizuri waamini wasikie majibu mawili kutoka kwa watu wanaofundisha darasa moja.

Tuanze na jambo lenyewe. Desturi hii imeshamiri zaidi Marekani, na maduka ya mtandaoni yameisambaza kwingine. Kinachouzwa ni kiboksi chenye sanamu ya plastiki ya sentimita 8 hadi 10, kadi ya sala na karatasi ya maelekezo. Chimba shimo la kama sentimita 30 karibu na kibao cha kutangaza kuwa nyumba inauzwa. Weka sanamu kichwa chini, miguu juu, uso ukielekea nyumba. Fukia, sali kila siku. Nyumba ikishauzwa, fukua, osha, umweke mtakatifu mahali pa heshima katika makazi mapya. Asiye na uwanja anaambiwa atumie chungu cha maua.

Ukizikusanya karatasi hizo utaona zinapingana. Moja inataka uso uelekee nyumba, nyingine barabara. Moja inataka mbele ya nyumba, nyingine nyuma. Ipo inayosema anawekwa kichwa chini ili ataabike na afanye haraka kutafuta mnunuzi apate kutolewa. Ipo pia inayoonya kwamba usipomfukua, kiwanja hicho kitauzwa tena na tena, hakitatulia mikononi mwa mtu. Nyumba isipouzwa, swali la kwanza tunaloletewa ni hili: "Labda nilikosea upande?" Mtu akifika hapo, sala imeshamtoka mdomoni na yamebaki masharti, sawasawa na masharti ya mganga.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, imeligusa jambo hili barabara. Inafundisha kwamba ushirikina unaweza kuingia hata katika ibada tunayompa Mungu wa kweli: pale tendo, hata lililo halali, linapodhaniwa kuwa na nguvu za kiganga, au pale sala na ishara takatifu zinapodhaniwa kufanya kazi kwa kutimizwa kwa nje tu, bila moyo unaotakiwa. Na kumtesa mtakatifu ili atende si jambo jipya. Mwaka 1274 Mtaguso wa Pili wa Lyon, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilaani vikali tabia ya waliokuwa wakisimamisha ibada kama njia ya kulalamika, wakizitupa chini sanamu za Bikira Maria na watakatifu na kuziweka kwenye majani ya kuwasha na miiba. Miaka zaidi ya 700 imepita, na karatasi ya ndani ya kiboksi inaagiza jambo lenye sura ileile.

Lakini mwenzangu ana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Anasema kufukia peke yake si dharau. Kwa desturi ya Kanisa, kitu kilichobarikiwa kikivunjika huchomwa moto au huzikwa ardhini, kwa kuwa ni heshima zaidi kuliko kukitupa jalalani. Anakumbusha pia simulizi la Mtakatifu André Bessette wa Montreal, aliyezaliwa 1845, akafariki 1937 na kutangazwa mtakatifu 2010: husimuliwa kwamba medali za Mtakatifu Yosefu ziliwekwa ardhini kwenye mlima Mount Royal huku wakiomba wapate kukinunua kiwanja ambacho leo kina Oratori ya Mtakatifu Yosefu, kanisa kubwa la hija. Na Papa Fransisko, akizungumza na familia mjini Manila tarehe 16 Januari 2015, alisema anayo sanamu ya Yosefu aliyelala, na akiwa na tatizo huliandika kwenye kikaratasi na kukiweka chini ya sanamu, ili Yosefu aliote. Waamini wanazijua habari hizi. Wanauliza: kama Baba Mtakatifu aliweka karatasi chini ya Yosefu, mimi nikimweka Yosefu chini ya udongo kuna kosa gani?

Jibu letu kwa sasa ni hili. Kikaratasi kile ni ombi. Hakimtishi mtu na hakina tarehe ya mwisho, na Papa mwenyewe alieleza kwamba maana yake ni kumwomba Yosefu aliombee tatizo lile. Medali za Montreal zilihusu kununua, si kuuza, na simulizi halisemi Yosefu aliyechorwa kwenye medali aligeuzwa kichwa chini hadi atii. Ukiondoa kichwa chini, ukiondoa tishio la kiwanja kisichotulia, ukiondoa vipimo vya shimo, kinachobaki ni mtu anayemwomba Yosefu, na huyo hana haja ya jembe. Tunaomba uturekebishe kama tumekosea.

Sasa swali la kwanza: aliyekwisha kufukia afanye nini? Mimi huwaambia wafukue leo, nyumba iwe imeuzwa au haijauzwa. Mwenzangu anaona agizo hilo lina mtego. Mtu ameshaaminishwa kwamba kufukua kabla ya wakati kunaharibu kila kitu. Ukimwambia "fukua haraka", atasikia sharti jingine, safari hii limetoka kwa katekista. Yeye hupendelea kukaa nao kwanza, kusali nao hata wiki mbili bila kuitaja sanamu, mpaka hofu ipungue na wenyewe waamue kuitoa. Nami nauliza, je, katika wiki hizo mbili tunaiachaje sanamu iliyobarikiwa ikae kichwa chini, wakati Kanuni ya 1171 ya Sheria ya Kanisa inataka vitu vitakatifu vitunzwe kwa heshima na visipewe matumizi yasiyofaa, hata vikiwa mali ya mtu binafsi?

Wakati wa kufukua tunawaelekeza hivi, na kama kuna la kuongeza utuambie. Wasipige jembe. Udongo uondolewe kidogo kidogo kwa mwiko au kwa mkono, kwanza kwa sababu ya sanamu, pili kwa sababu kina cha sentimita 30 kinaweza kuwa na bomba la maji ya bustani au waya wa taa ya nje. Sanamu ya plastiki hutoka nzima, rangi tu ndiyo hubanduka. Ile ya plasta huteseka: plasta hunyonya maji, na baada ya msimu mmoja wa mvua kwenye udongo wa mfinyanzi unakuta pua imeliwa, ndevu zimekuwa ute mweupe, na ua la yungi alilolishika limebaki kama kijiti. Hiyo usiisugue. Iache ikauke kivulini siku kadhaa, kisha ifute kwa brashi laini. Ikiwa imeharibika kabisa, izikwe tena mahali pasipokanyagwa, safari hii kwa nia ya kuihifadhi kwa heshima. Na kama nyumba imeshakabidhiwa, ardhi si yako tena: omba ruhusa ya mwenye nyumba mpya, usiruke uzio usiku.

Swali la pili linahusu baraka. Watu huleta vile viboksi baada ya Misa, vikiwa katikati ya rozari na medali, na padre hubariki vyote kwa pamoja bila kujua kipi kinakwenda wapi. Mimi naona tuwaulize mapema. Mwenzangu anasema tutakuwa askari wa mlangoni, na kwamba aliyekuja na sanamu ya kufukia huenda akarudi nyumbani na kuiweka mezani kwa sababu tu alisikia sala ya baraka ikisomwa vizuri. Je, padre akitanguliza maneno mawili matatu kabla ya kubariki, kwamba visakramenti, yaani vitu vilivyobarikiwa kama hivi, havileti neema kwa namna ya sakramenti bali kwa sala ya Kanisa hutuandaa kuipokea, itatosha?

Swali la tatu ndilo linalotusumbua zaidi. Badala ya sanamu tunawapa novena, yaani sala ya siku tisa mfululizo: sala ya Papa Leo XIII kwa Mtakatifu Yosefu, ya mwaka 1889, au litania yake iliyoidhinishwa na Papa Pius X mwaka 1909, ambayo mwaka 2021 iliongezewa maombi 7. Siku tisa tunawaeleza zinakumbuka Mitume waliodumu katika sala kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste. Nia tunaiandika pamoja nao, na hatuwaachi waandike "nyumba iuzwe" tu. Tunataka waombe mnunuzi mwaminifu, bei ya haki, na amani kwa familia itakayolala humo. Kumwombea mnunuzi hubadilisha mambo mengi. Mtu aliyekuwa amepaka rangi juu ya ufa, au anayejua kuwa mvua ikinyesha maji hupanda sakafuni, huanza kusitasita, maana Injili ya Mathayo inamwita Yosefu mtu wa haki, na huwezi kumwomba mtu wa haki akusaidie kuficha ufa.

Tunaongeza mambo ya kawaida ambayo dalali yeyote makini angeyasema. Ikiwa hakuna anayekuja kuitazama nyumba, shida iko kwenye bei, picha au tangazo. Ikiwa wanakuja wengi na hakuna anayetaja bei, basi kuna jambo wanaloliona au kulinusa wakiingia, mara nyingi ni unyevu wa ukutani. Ikiwa wanafika kwenye makubaliano kisha wanapotea, angalia hati: jina la marehemu bado limo, mrithi mmoja hajatia sahihi, mpaka haueleweki. Hapo hata novena kumi hazitaweka sahihi ya mtu kwenye karatasi.

Shida ni kwamba novena nayo inageuka kuwa shimo la sentimita 30. Mtu akikosa siku ya sita anaanza upya, akiamini sala tano za mwanzo zimemwagika. Wengine wanaacha nakala tisa za sala kwenye mabenchi ya kanisa kwa sababu kadi imeagiza. Na kadi inayotembea zaidi ni ile ya sala inayodaiwa kupatikana mwaka 50, ambayo Papa alimpelekea Kaisari Charles mwaka 1505 akienda vitani, na kwamba atakayeisoma au kubeba hatakufa ghafla, hatazama majini, wala sumu haitamdhuru, na haijawahi kushindwa. Maneno ya sala ni mazuri, tunayapenda. Maelezo yake hayasimami: Charles V alizaliwa mwaka 1500, kwa hiyo mwaka 1505 alikuwa mtoto wa miaka 5, na ukaisari aliupata 1519. Tumeanza kuikata sehemu hiyo ya kadi na kuwapa sala peke yake. Baadhi wanakataa kuipokea, wakisema imepunguzwa nguvu.

Kwa hao tunamtaja Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania. Aliandika kwamba hakumbuki kumwomba Yosefu jambo lolote akanyimwa, na sentensi hiyo kila mtu anaishika. Tunawasomea na ile nyingine, kwamba ombi lake likienda upande kidogo, Yosefu hulinyoosha kwa faida yake zaidi. Je, tuendelee na siku tisa, au tuwaambie wasali kila Jumatano, siku ya Mtakatifu Yosefu, bila kuhesabu?

La mwisho, na hili ndilo lenye haraka. Ipo sanamu iliyobarikiwa, ya plasta, ambayo haikufukuliwa. Nyumba iliuzwa, mwenye nyumba mpya akatandaza kokoto na kumwaga zege pale pale apate mahali pa kuegesha gari. Waliouza sasa hawalali. Wanaogopa kwamba familia ile itahamishwa na nyumba itauzwa tena, na kosa litakuwa lao. Tumewaambia hakuna laana chini ya zege, na kwamba sanamu ile tuihesabu imezikwa kama zinavyozikwa zilizoharibika. Hawakutulia. Wanaomba padre aende akasome sala nje ya uzio. Wakiitaja sala hiyo hawasemi baraka, wanasema kutegua. Mwenzangu anaona padre aende, kwa kuwa watu wana hofu na baraka haimdhuru mtu. Mimi naogopa kwamba akienda, atakuwa amethibitisha kuwa kulikuwa na kitu cha kutegua. Ungekuwa wewe, Padre, ungekwenda? Na ukienda, ungewaambia nini kabla ya kufungua kitabu?

Wako katika Kristo,
Makatekista wawili