Atu, kwenye intavyuu acha kusema "tulifanya"

Kihesa, Iringa
Jumapili usiku

Atu wangu,

Ugonile mwaya. Mama hajambo? Huku tuko salama, mvua tu na baridi ya kwetu unaijua, saivi naandika nimejifunika kitenge mpaka masikioni. Nimeona nikuandikie kabisa maana kwenye simu tunakatana kauli na vocha inaisha hatujafika popote.

Jana kwenye yale mazoezi yetu ya intavyuu zako za MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, nilinyamaza mpaka ukaniuliza kama mtandao umekata. Haukukata. Nilikuwa nakusikiliza na roho inaniuma, yani Atu ninayemjua mimi hakuwepo kwenye majibu yale hata kidogo. Nilikuuliza swali moja tu, niambie kitu ulichokiongoza, ukaongea dakika nne nzima, nikahesabu "tulifanya", "tuliamua", "chama kiliona", "wakulima walikubali", hakuna sehemu hata moja uliyosema mimi. Mtu asiyekujua angedhani ulikuwa unapita tu njiani ukaona watu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanauza maparachichi yao.

Najua linapotoka hilo, na mimi nimelelewa hivohivo. Ukirudi na ripoti umekuwa wa kwanza bibi anakwambia shukuru Mungu na walimu wako, ukijenga nyumba unasema tumejenga hata kama kila tofali umenunua mwenyewe, mtu wa mimi mimi kijijini anaonekana hana adabu. Na ni malezi mazuri, sikwambii uyaache. Ila yule anayekuhoji ana nusu saa tu na wewe, hajawahi kufika Tukuyu, hana jirani wa kumuuliza. Ukisema tulifanya hajui wewe ulikuwa nani pale. Alikuwa anakutafuta wewe na wewe umejificha nyuma ya watu mia.

Mimi nilikosa chuo kwa jambo hilihili Atu, na sijawahi kukusimulia lote. Mwaka ule wa kwanza nilioomba niliitwa na chuo kimoja cha Marekani, intavyuu saa 4 asubuhi kwao. Mwezi wa pili nilipokuwa napiga hesabu kulikuwa na tofauti ya masaa 8, kwaiyo nikaandika kwenye daftari saa 12 jioni. Sikujua kwamba wenzetu Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu wanasogeza saa zao mbele, tofauti inabaki masaa 7. Intavyuu ilikuwa saa 11 jioni. Mi saa 12 kasorobo niko mbele ya laptopu nimevaa vizuri nimepaka na mafuta, nafungua email nakuta wameniuliza mara mbili niko wapi. Nililia. Wakanipangia siku nyingine, lakini niliingia na moyo wa mtu anayeomba msamaha, kila swali najibu kwa kujikunja, tulijitahidi, timu ilisaidia, mabosi walituongoza. Aliponiuliza niliposhindwa maishani nikamwambia huwa nafanya kazi kupita kiasi. Akaandika kitu akaendelea na swali lingine, na nikajua palepale kwamba imeisha. Majibu yalivyokuja sikushangaa.

Ndo maana nakusumbua. Ya kwako ya Wharton, kile chuo cha biashara cha Marekani, ni saa 3 asubuhi Philadelphia na tarehe yako inaangukia baada ya ile Jumapili, kwaiyo huku ni saa 10 jioni, sio 11. Iandike ukutani. Wale watakaokuhoji wa INSEAD, kile chuo cha biashara cha Ufaransa, hawana shida hiyo kwa sababu umesema mmoja yuko Dar na mwingine Nairobi, saa zetu ni moja.

Sasa turudi kwenye stori yenyewe. Ile ya mzigo uliokataliwa, kwa nini umeificha? Kwenye insha zako haipo, jana nilipokuuliza kushindwa ukanipa habari ya kozi uliyopata C chuoni. Atu! Mimi nilikuwepo wiki ile. Tani sita za parachichi aina ya Hass, kreti zimepangwa, gari limefika pakihausi, kule wanakofungasha, wanakata matunda wanakuta machanga, mzigo wote umerudishwa. Na machanga kwa nini, kwa sababu vishoka, wale madalali wa pembeni, walikuwa wanazunguka na hela mkononi wananunua mashambani, wewe ukaogopa wakulima wataondoka wote ukaruhusu kuchuma kabla ya muda. Uliamua wewe. Hakuna mtu mwingine aliyeamua.

Alafu ulifanya nini? Hukuzima simu. Ulipanda bodaboda kwenye mvua ukapita nyumba kwa nyumba, wakulima 23, ukawaambia mmojammoja kwamba hela haipo na kosa ni lako, yule mzee wa Kiwira akakufokea mbele ya wajukuu zake ukasimama ukasikiliza mpaka akamaliza. Msimu uliofuata ukaleta ule utaratibu wa kupima kwanza, mnachukua matunda machache kila shamba, mnayapara, mnapima uzito, mnayakausha kwenye maikroweva, mnapima tena, kama yamebakiza uzito mdogo basi bado machanga na hakuna kuchuma hata kishoka akija na gunia la noti. Na yule mzee ndo akawa wa kwanza kukubali kupimiwa. Hiyo ndo stori. Wanaposema niambie ulivyoshindwa wanatafuta hiyo, wanataka waone kama unaweza kulibeba kosa lako ukatembea nalo mpaka mlangoni kwa mtu. Mimi sijui watu wengi wanaoweza. Wewe unaweza na unaona aibu kusema.

Ukiisimulia usianze na historia ya zao la parachichi Rungwe, utaishiwa muda. Anza na gari limerudishwa. Sentensi mbili tatu za kumweka mtu pale, alafu wewe ilikupasa kufanya nini, alafu ulichofanya, hapo ndo ukae sana, alafu kilichotokea. Dakika mbili, mbili na nusu basi. Chama kilipofanya kitu sema chama, hiyo ni haki yao, ila ulipofanya wewe sema mimi. Huo sio majivuno, ni ukweli wa nani alifanya nini. Ukishindwa kabisa kuona mpaka, jiulize kama wiki ile ungekuwa unaumwa, nini kisingefanyika? Hicho ndo chako.

Kuhusu Wharton naona unaiogopa kuliko kitu chochote kwa sababu ni ya kundi, na mimi ndo naona hiyo ni yako kabisa. Wanawaweka watu watano au sita pamoja mtandaoni, mada mnakuwa mmeshatumiwa kabla, mnajadili dakika 35 mfike mahali pamoja, wao wanawatazama tu, alafu kila mtu anabaki na mmoja wao kama dakika 10. Hawatafuti mshindi wa mdahalo. Atu, umesahau vikao vya harusi ya mdogo wangu pale Mlandege? Bajeti milioni 12, hela iliyoko mkononi milioni 5, mjomba anataka ukumbi mkubwa, mashoga wa bibi harusi wanataka keki ya ngazi saba, masaa mawili watu wanapigiana kelele na mwenyekiti ameshachoka. Ukasema kwa sauti yako hiyo ya chini, "Jamani, mama mdogo amesema ukumbi wa kanisa unatosha, na kaka hapa ametaja watu 250, hao wawili hawapingani, tatizo letu ni chakula, tuanze na chakula." Watu wote wakatulia. Uliwataja watu kwa walichosema, ukaunganisha, ukaonyesha pa kuanzia. Nusu saa baadaye kikao kimefungwa tunakunywa chai.

Fanya hivohivo tu. Andaa wazo lako la kufungulia, liwe fupi, kila mtu anapewa kama dakika moja ya kueleza lake, na ukiona la mwenzio ni zuri kuliko lako liache la kwako uje kulijenga lile, hata kama umelala nalo wiki nzima. Andika majina yao kwenye karatasi wakijitambulisha. Angalia saa, kundi likibakiza dakika 10 na hamjaamua sema. Atakuwepo mtu anaongea bila kupumua, huyo yupo kila kikao, usishindane nae, subiri avute pumzi umuulize yule ambaye hajaongea anaonaje. Ila usikae kimya Atu, tafadhali. Ukimya wa heshima huku tunauelewa, kwenye kioo cha kompyuta unaonekana kama huna la kusema.

INSEAD ni tofauti, pale ni watu wawili waliosoma palepale, kila mmoja na siku yake, kila mmoja anaandika ripoti yake. Hao wanaongea kama watu, wengine hata wanakukaribisha kahawa. Watakuuliza kwa nini MBA, kwa nini sasa, kwa nini hapa, na jibu lako la jana lilikuwa moja kwa vyuo vyote viwili, haliwezekani. INSEAD ni miezi 10, Wharton ni miaka miwili na katikati kuna likizo ndefu ya kwenda kufanya kazi kampuni nyingine. Kwa mtu mwenye chama kinachomsubiri hiyo ni tofauti kubwa sana. Ukienda miezi 10 utakosa msimu mmoja wa parachichi, ukienda miaka miwili utakosa miwili ila ule mwezi wa sita hadi wa nane unaweza kukaa na wanunuzi wenyewe Ulaya ujue kwa nini wanakataa mizigo yetu. Kaa na hilo, lipime kweli, maana ukishalipima kweli utalijibu bila kukariri. Na usimsomee mtu kwamba Wharton ilianzishwa 1881 au INSEAD 1957 pale Fontainebleau, anajua. Yeye hajui kinachotokea kwenye mzani wa AMCOS saa 11 alfajiri, mpe hicho.

Lingine ni mahali pa kukaa. Usifanyie Tukuyu. Mwezi wa tatu mvua ya kwenu ikipiga bati hata mtu aliye kitanda cha pili humsikii, itakuwaje mtu wa Philadelphia. Shuka Mbeya siku moja kabla, usiseme nitatoka asubuhi, Noah ikiharibika pale Kiwira utaanza kulia kama mimi. Shangazi yako si yupo Forest? Nyumba ile ina dari, ile sauti ya mvua inapungua. Laptopu ijae chaji, simu ijae chaji, na bando la mtandao mwingine kabisa kwenye simu ya shangazi, umeme ukikata unahamia huko bila kuomba samahani mara kumi. Mwambie shangazi asipike kitu cha kukaanga saa hizo na wale watoto waende kucheza kwa jirani.

Nguo vaa ile blauzi ya bluu. Kiingereza chako kinatosha kabisa, usijaribu kukivuta puani, ongea taratibu kama unavyoongea na wale wakaguzi waliokuja mwaka juzi, walikuelewa vizuri tu. Swali usilolielewa omba arudie, ukihitaji kufikiri sema naomba nifikiri kidogo alafu fikiri kweli. Na mwisho wakikuuliza kama una swali uwe nalo, la kwako la moyoni, mfano yule wa Nairobi muulize nini kilimshinda aliporudi nyumbani, maana na wewe una mpango wa kurudi na hilo linakuhusu.

Kingine kidogo, usikariri. Jana kuna sehemu nilisikia kabisa unasoma karatasi. Chagua stori tano tu za maisha yako unazozijua ndani nje, ya mzigo, ya kikao, ya ule ugomvi na mhasibu, ya baba alipoumwa ukabaki na shamba peke yako, na moja ya furaha, chagua mwenyewe. Maswali yatakuja kwa sura mia ila mengi yatatua kwenye mojawapo ya hizo.

Alhamisi saa 3 usiku nakupigia, mume wangu atakuwepo na yeye, nimemwambia akuhoji yeye kwa sababu hajui chochote kuhusu parachichi na anauliza maswali ya kukera. Kila utakaposema "tuli" kwenye jambo lako nitagonga meza, usinune. Anza na ya gari lililorudishwa, na yule mzee wa Kiwira usimruke.

Kitenge cha mama nimempa dereva wa kosta ya Jumanne, kiko kwenye mfuko wa bluu, kichukue stendi pale Uyole kabla giza halijaingia. Msalimie sana, mwambie namuombea mguu wake.

Wako wa Kihesa