Bi Mkubwa Asilale Kutwa

Tanga, 9 Juni

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia Bi Mkubwa ameruhusiwa kutoka hospitali na ile homa ya mapafu imekwisha. Lililonikaa moyoni ni pale uliposema hamumwachi anyanyuke hata kuchota maji ya kunywa, na kwamba kutwa ni uji na chai. Najua ni mapenzi. Lakini mapenzi hayo ndiyo yatakayomlaza.

Misuli isiyotumika hunywea, na ya mzee hunywea upesi zaidi. Watafiti waliwahi kuwalaza wazee wasio na ugonjwa siku 10 mfululizo. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Sasa mfikirie mama aliyetoka kuumwa. Ukiona anajivuta kwa mikono ndipo ainuke kitini, usiseme ni uzee tu.

Na nguvu hurudi, Rehema. Huko Boston, kwenye utafiti uliotolewa mwaka 1990, wazee dhaifu wenye umri wa miaka tisini hivi walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki 8, na nguvu za mapaja yao zikafika karibu mara tatu.

Anza na kiti cha mezani, kiegemee ukuta. Kwanza akae kidogo ukingoni mwa kitanda kizunguzungu kipite. Kitini, avute visigino nyuma ya magoti, akunje mikono kifuani, ainame mbele, ainuke, kisha ashuke polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Asijitupe, hapo kwenye kushuka misuli inafanya kazi kubwa. Mara tano, apumzike, arudie. Akishindwa, muongezee mto wa kukalia, nawe simama ubavuni kwake.

Uji wa unga mtupu haumtoshi. Utie maziwa na karanga za kusaga. Asubuhi yai, mchana maharage au choroko, usiku samaki, au dagaa wa kusaga kama meno yanamsumbua. Mzee wa kilo 60 huhitaji walau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina 6 tu. Ila kwanza muulizeni daktari kama figo zake ni nzima.

Waambie na wadogo zako wamwachie ufagio wake na chungu chake. Nitakupigia Ijumaa baada ya sala. Nataka kuzungumza naye mwenyewe.

Shoga yako,
Zuhura