Adui alihesabu wafu wetu, sisi bado twangoja

Mhariri,

Januari 2026 ilitimia miaka 10 tangu Al-Shabaab waivamie kambi ya jeshi letu huko El Adde, jimbo la Gedo, nchini Somalia. Ilikuwa Ijumaa, Januari 15, 2016, hata hakujapambazuka. Miaka yote hiyo imepita na serikali haijawahi kuwatangazia Wakenya rasmi: waliokufa ni hawa, na idadi yao ni hii. Naandika kuuliza kwa nini, na naomba nisijibiwe kwamba ni mambo ya usalama wa taifa.

Wasomaji wachanga huenda hawakumbuki tulivyopashwa habari zile. Siku ile ya kwanza msemaji wa KDF, yaani jeshi letu la ulinzi, alitwambia kwamba kambi iliyoshambuliwa ni ya jeshi la Somalia, jirani na yetu, na kwamba vijana wetu walikuwa wamejibu mapigo. Haikuchukua muda picha zikazagaa mitandaoni, na zilizoonekana humo zilikuwa sare za Kenya na magari ya Kenya. Siku chache baadaye Mkuu wa Majeshi, Jenerali Samson Mwathethe, akaeleza kwamba bomu lililotumika lilikuwa na nguvu mara tatu ya lile lililolipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Ukubwa wa bomu tukapimiwa, lakini idadi ya waliolipukiwa nalo hatukupewa.

Januari 27 ikafanyika ibada ya wafu hapa kwetu Eldoret, kwenye kambi ya Moi, ambako ndiko makazi ya kikosi cha tisa cha Kenya Rifles. Rais Uhuru Kenyatta alikuwepo, Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alikuwepo, hata Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria, aliyekuwa amekuja kwa ziara, alihudhuria. Marais watatu wakawaombolezea watu ambao hesabu yao ilikuwa siri. Sijui kama kuna nchi nyingine iliyowahi kuwaalika wageni wa heshima namna hiyo kwenye msiba isiyoutajia idadi.

Mwezi uliofuata Rais huyo huyo wa Somalia, akihojiwa kwenye televisheni, akasema Wakenya waliouawa ni kati ya 180 na 200. Nairobi ikakanusha, lakini haikutoa hesabu yake yenyewe. Mei mwaka huo CNN ikachapisha uchunguzi wake na kusema ni 141 au zaidi. Hata tukichukua hiyo ndogo, hakuna pigano jingine tangu uhuru ambalo jeshi letu limepoteza watu wengi hivyo kwa siku moja. Nasi tumeijua kwa kusimuliwa na jirani na kituo cha Marekani.

Wapo watakaosema idadi ikitangazwa itampa adui nguvu. Adui yupi? Al-Shabaab walikuwa ndani ya kambi. Walitembea na kamera kati ya maiti, na baadaye wakatoa video nzima ya shambulio hilo. Wao idadi waliijua kabla ya Waziri wa Ulinzi kuijua. Aliyefichwa ni mwalimu wa Kapsabet, mwenye duka wa Likoni, mbunge anayepitisha bajeti ya jeshi, na mama aliyeambiwa avute subira. Kunyamaza kwetu ndiko kulikowapa wale wauaji uwanja wa kutaja nambari waitakayo, na mtu hana pa kuwapingia kwa sababu wenye takwimu hawasemi.

Nikiri kwamba wiki zile za mwanzo jeshi lilikuwa na udhuru. Miili iliungua vibaya, na ikabidi vipimo vya vinasaba vitumike ili familia isije ikazika mtoto wa mwingine. Hapo kusubiri kulikuwa heshima. Lakini vinasaba havichukui miaka 10.

Na kuna fungu ambalo watu hulisahau, la waliotekwa na wale ambao hawakuonekana tena. Sheria yetu ya Ushahidi humchukulia mtu asiyesikika kwa miaka 7 kuwa amekufa. Kwa El Adde miaka hiyo ilitimia Januari 2023. Ni wangapi waliopewa hadhi hiyo? Mke wa mtu kama huyo ni mjane kuanzia siku gani, na malipo ya mumewe yanahesabiwa kuanzia lini? Haya si mambo ya mbinu za vita. Ni mambo ya karani na faili, na yangeweza kujibiwa kwa ukurasa mmoja.

Badala ya kujibu, serikali ilitisha. Aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, marehemu Joseph Nkaissery, alionya kwamba wanaosambaza picha za El Adde watakamatwa. Mwanahabari mmoja akatiwa mbaroni kwa kuandika habari za shambulio hilo mtandaoni, eti ametumia vibaya chombo cha mawasiliano. Ikumbukwe kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, Februari 2015, Mahakama Kuu ilikuwa imefuta vipengele kadhaa vya sheria ya usalama ya 2014, kikiwemo kile cha kuwatoza wanahabari faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa habari za ugaidi. Na Aprili 2016 mahakama hiyo hiyo ikakitupa kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikitumika kuwakamata watu kama yule mwanahabari. Serikali ikishindwa kortini mara mbili kwa jambo lile lile, hufai kuiita bahati mbaya.

Katiba yenyewe haina utata. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, kisha inaongeza kwamba dola lazima ichapishe habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Haisemi raia aombe kwanza. Ibara ya 238 inaweka usalama wa taifa chini ya Katiba na Bunge. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kweli inaruhusu habari za usalama zizuiwe, lakini inataka pia maslahi ya umma yapimwe. Nani alipima? Alipima lini, na mizani ilielemea wapi?

Nimesikia hoja nyingine kwamba majeshi ya Afrika hayana desturi hiyo. Basi tumtazame Yoweri Museveni, mtu ambaye hakuna atakayemtuhumu kwa kupenda uwazi kupita kiasi. Al-Shabaab walipoivamia kambi ya Waganda huko Buulo Mareer, Mei 26, 2023, haikupita muda mrefu naye akatangaza mwenyewe kwamba wanajeshi 54 wamepatikana wamekufa, akiwemo kamanda wao, na kwamba maafisa wawili walioamuru watu warudi nyuma watashtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Uganda haikuanguka. Watanzania nao, walinda amani wao walipouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 2017, idadi ilitangazwa upesi na majeneza yakaagwa hadharani Dar es Salaam. Sisi wenye Katiba tunayoisifia kote duniani ndio tunaozika kwa mafungu, kaunti moja moja, ili asiwepo wa kujumlisha.

Wala KDF haiwezi kusema haijui namna ya kutoa nambari. Januari 27, 2017, mwaka mmoja kamili baada ya ibada ya Eldoret, kambi yetu ya Kulbiyow, nchini Somalia, ikashambuliwa. Safari hii jeshi likasema waliokufa ni 9. Al-Shabaab wakadai zaidi ya 50. Ni nani wa kuaminiwa? Mimi ningependa kuliamini jeshi langu. Ila mtu aliyekunyima hesabu ya jana, akikuletea ya leo ikiwa ndogo, utaipokea kwa mkono mmoja.

Sikusudii kufukua ya kale tu. Desturi hii imehamia Haiti, tulikopeleka polisi kupambana na magenge. Askari polisi wetu wa kwanza kuuawa huko, Februari 2025, alitangazwa bila kuchelewa, na serikali ipewe haki yake kwa hilo. Lakini mwezi uliofuata mwingine alitoweka baada ya msafara wao kushambuliwa. Miezi ikapita jibu likiwa ni kwamba hajulikani alipo. Septemba, kiongozi wa baraza la mpito la Haiti, Laurent Saint-Cyr, akisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa jijini New York, akamtaja miongoni mwa Wakenya waliopoteza maisha. Mwaka 2016 Rais wa Somalia, mwaka 2025 kiongozi wa Haiti. Taarifa za tanzia za Kenya zinatoka kwenye midomo ya wageni.

Na tukitaka kujua mizizi ya haya, turudi Jumamosi ya Oktoba 15, 2011. Watalii walikuwa wametekwa Lamu, wafanyakazi wawili wa misaada raia wa Uhispania wakatekwa Dadaab, na nchi ilikuwa na hasira. Mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji wakaita waandishi wa habari na kutangaza kwamba tunamfuata adui ndani ya Somalia. Katiba, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, inasema Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Wabunge walielezwa wanajeshi wakiwa wameshavuka mpaka. Vita ambavyo havikuanza kwa kura haviwezi kukaguliwa kwa kura, na ndivyo ilivyokuwa: operesheni ikageuka AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, AMISOM ikawa ATMIS, ATMIS ikawa AUSSOM, na hakuna kikao hata kimoja ambacho wawakilishi wetu waliwekewa mezani gharama ya damu ndipo waulizwe kama tuendelee.

Nisiingie sana katika biashara ya makaa ya Kismayu, bandari ya kusini mwa Somalia. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2013 kwamba biashara hiyo, iliyopigwa marufuku na Baraza la Usalama, iliendelea bandarini humo chini ya macho ya wanajeshi wetu. Jeshi lilikanusha. Huenda linasema kweli. Ila likanushe mbele ya nani, ikiwa hakuna chombo cha Kenya kilichoitwa kusikiliza pande zote? Tume ya uchunguzi tuliyoahidiwa na Rais baada ya watu 67 kuuawa na magaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, haijaundwa hadi leo, na ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu shambulio hilo ilikataliwa na wabunge wenyewe.

Sasa nawaambia wabunge wa kamati ya ulinzi, ambao wengi wao husoma gazeti hili hata wakijifanya hawasomi. Mwiteni Waziri wa Ulinzi. Mtakeni alete orodha ya waliouawa El Adde, ya waliotekwa na ya wasiojulikana walipo. Majina yasisomwe kabla ya kila familia kuulizwa, kwani ni haki yao, lakini idadi isomwe siku hiyo hiyo na iingizwe katika kumbukumbu za Bunge. Aje pia na ripoti ya uchunguzi wa ndani wa jeshi, angalau sehemu inayoeleza kwa nini msaada haukuwafikia wenzao kwa wakati. Mkimwita faraghani, tangazeni kwamba mmemwita na tarehe atakayorudi na majibu. Siku ya KDF huadhimishwa kila Oktoba 14. Hiyo ni nafasi ya kutosha kukusanya nambari ambayo imo ndani ya kabati tangu 2016.

Mwalimu mstaafu,
Eldoret